Nilizima Namba Tatu

Hải Phòng, 24 Oktoba 1999

Dada wa Pili,

Shikamoo. Tumefika, ingawa treni ilituchosha. Mdogo wako Thắm alitapika tangu Huế hadi Vinh, na kila alipoinua kichwa alikutaja wewe na yale matunda mabichi uliyomlisha kwa chumvi na pilipili. Sasa hajambo. Tumbo limeanza kuonekana, na mama yangu ameshampiga marufuku kunyanyua hata birika.

Siku ya kumbukumbu ya marehemu mama yenu uliniuliza mbele ya watu kwa nini nimekufungia boksi zima la chuma ukutani, wakati ulichoomba ni taima mpya tu, ile saa ya kuwashia na kuzimia taa. Sikukujibu sawasawa kwa sababu ndugu yako, Kaka wa Tatu, alikuwa haachi kunijazia glasi. Nakujibu sasa. Taima yako ya zamani haikuwa mbovu. Mliibebesha taa za mashamba mawili, mamia ya globu, na yenyewe ni kitu cha kuwashia taa za sebuleni. Lazima ingeyeyuka. Hii mpya haibebi mzigo, kazi yake ni kutoa amri tu. Saa ikifika inapeleka umeme kidogo kwenye koili ya kontakta, koili inageuka sumaku, inavuta kipande cha chuma, na hicho ndicho kinachounganisha umeme mkubwa uende kwenye taa. Ule mlio wa "klak!" uliokufanya uangushe bakuli ndio huo.

Kila shamba lina kontakta yake, na swichi yake ndogo mlangoni mwa boksi. Ukizima swichi ya shamba fulani, hata taima ikitoa amri, kontakta ya shamba hilo haitavuta. Nimeandika namba kwa rangi nyekundu ili mtu asibabaike. Shamba la Thắm nalo nimeliwekea ya kwake, inasubiri taa tu. Tafadhali usimruhusu Kaka alifungue boksi hilo na bisibisi yake ya kukorogea kahawa.

Shemeji yako,
Quyết


Hàm Thuận Nam, 9 Novemba 1999

Shemeji,

Barua nimeisoma mara mbili na sumaku yako bado sijaielewa. Ninyi watu wa Kaskazini hamwezi kujibu "ndiyo" bila kutoa hotuba kwanza. Ila boksi linafanya kazi, na mimi sina zaidi la kutaka.

Nikuambie habari za huyu mdogo wangu. Kila jioni Kaka wa Tatu anabeba kigoda chake, anakuja kuketi mbele ya boksi, anangoja. Likipiga "klak!" anapiga makofi kama mtoto. Ameipa ile mashine jina lako. Anasema, "Quyết hachelewi, na hacheki." Jana mkewe alimfuata huku ameshika mwiko: "Wewe bwana, wali umepoa, huyo Quyết wako wa chuma atakulisha?" Maskini Ngà, analalamika kwamba kwa mwanga huu kuku wake hawajui tena usiku ni upi, wanazunguka uani wamekodoa macho.

Lakini taa zimelipa, shemeji. Miti yetu ya thanh long, tunda la joka, imedanganyika na mwanga wa usiku, inadhani ni kiangazi. Kwenye shamba langu vitumba vimeanza kutokeza kwenye pembe za mashina, na kwenye lake ni vingi kuliko vyangu, jambo ambalo ananikumbusha asubuhi, mchana na jioni. Haya ndiyo mavuno yake ya kwanza tangu mama atugawie ardhi. Ameshanunua bati la kuezekea.

Mbusu mdogo wangu Thắm. Mwambie ale.

Dada yako wa Pili,
Lài


Hàm Thuận Nam, 1 Desemba 1999

Shemeji Quyết,

Barua hii naituma kwenye karakana ya meli unakofanya kazi, siyo nyumbani. Ukishaisoma usirudi nayo.

Kaka wa Tatu amefariki.

Nilidhani mkono ungekataa kuliandika neno hilo, na haukukataa. Ilikuwa juzi. Upepo wa mchana ulikuwa umeangusha waya wa taa kwenye shamba lake, akataka kwenda kuufunga upya kwenye nguzo kabla giza halijaingia. Alipita jikoni kwangu akasema, "Dada, nizimie langu, nisije nikachelewa taa zikaniwakia mkononi." Nikafuta mikono, nikaenda kwenye boksi, nikamzimia. Nikapaza sauti, "Tayari!" Akaniinulia kidole gumba, akaenda. Nikarudi kuosha mchele. Jua likazama. Nikasikia "klak!" kama siku zote, nikainua macho nione shamba langu linavyowaka, nikaona na la kwake linawaka. Lote, Quyết. Kisha nikamsikia Ngà.

Nilikimbilia boksi nikazima kila kitu, nikapiga ngumi mpaka swichi kuu. Alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili. Sitaki kueleza zaidi.

Sasa watu wanasema nilisahau. Ngà hanisemi usoni, ila wageni wakimuuliza anajibu, "Wifi alisahau." Anasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo linaloniua. Mimi nilizima. Naapa kwa kaburi la mama, nilizima. Nakuuliza wewe uliyekifunga kitu kile: kinaweza kujiwasha chenyewe?

Thắm asijue mpaka ajifungue. Unajua mimba ya kwanza iliharibika wiki ile alipopata habari za mama. Siwezi kuzika wawili.

Lài


Hải Phòng, 10 Desemba 1999

Dada wa Pili,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha mlinzi, na mlinzi ndiye aliyenikalisha. Sina maneno ya pole yanayotosha. Mtu aliyenijazia glasi, aliyeliita boksi la chuma kwa jina langu! Kila nikifumba macho nauona mkono wake umeshika chupa. Kwa Thắm nimetia kufuli mdomoni kama ulivyotaka, na ni kazi ngumu, maana ananitazama.

Umeniuliza swali, nami sitakudanganya. Kontakta haijiwashi yenyewe. Koili isipopata umeme, ndani yake kuna springi inayovisukuma vile vipande vinavyogusana vikae mbali, na hakuna taima wala upepo wa kuvirudisha. Kuna nyakati vipande hivyo huungua vikagandana, lakini hapo taa zingewaka mchana kutwa, na wewe umesema ziliwaka kwa mlio. Kwa hiyo kimebaki kitu kimoja: swichi ndogo yenyewe. Huenda ni mbovu, ukiizima haikati. Mwite fundi aijaribu kwa mita yake. Akikuta haikati, basi hatia ni ya swichi, na kila mtu aambiwe hivyo.

Na akikuta inakata, Dada, basi huenda ulikuwa na mambo mengi jikoni. Mtu huweza kuona kwa macho ya akili jambo alilokusudia kulifanya. Hakuna atakayekuchukia kwa hilo.

Shemeji yako mwenye majonzi,
Quyết


Hải Phòng, 15 Desemba 1999

Kaka wa Tatu, mvivu wewe!

Nimekuandikia mara ngapi? Hata mstari mmoja? Dada wa Pili naye kanyamaza. Najua ni msimu wa maua, najua umekaa kwenye kigoda unaisikiliza "klak" yako, lakini mkeo Ngà hana mikono ya kuandika?

Huku baridi inakata masikio. Mama mkwe ananilisha uji mpaka nanuka uji. Tumegombana kwa utani kuhusu jina la mtoto. Yeye anasema akizaliwa tutamwita wa Kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikamwambia, "Mama, kwetu Kusini hakuna wa Kwanza. Mkubwa ndiye wa Pili, anayemfuata wa Tatu, ili pepo akija kumtafuta mtoto wa kwanza wa nyumba asimkute." Akacheka mpaka akakohoa. "Na huyo wa Kwanza wenu yuko wapi? Mmemfungia kabatini?" Nikamwambia mimi ni mtoto wa tatu na naitwa wa Nne tangu nizaliwe, na sijapungukiwa na kitu.

Mume wangu ndiye ananitia wasiwasi. Hali chakula. Anasema kazi nyingi. Jana nimemkuta jikoni anawasha taa na kuizima, anawasha na kuizima, nikamuuliza unatafuta nini, akasema, "Naisikiliza tu." Wote mnaofanya kazi na umeme akili zenu zina hitilafu.

Niandikie, la sivyo mtoto nitamfundisha kukuita Mjomba Bubu.

Thắm wa Nne


Hàm Thuận Nam, 26 Desemba 1999

Shemeji,

Barua ya Thắm kwa Kaka imefika. Nimeipokea mimi. Ngà aliuona mwandiko kwenye bahasha akaomba nimsomee, na nilipofika pale pa Mjomba Bubu akatoka nje. Sijui kama nilipaswa kuisoma. Sijui tena ninachopaswa.

Fundi alikuja kutoka Phan Thiết. Nilimpeleka mwenyewe, nikamwekea kidole juu ya namba 3 nikamwambia, ni hii niliyoizima, ijaribu. Akaipima mara nyingi, anazima, anawasha, anazima. Akasema, "Dada, swichi hii haina kasoro. Ukiizima inakata." Ngà alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitazama, akarudi kwake.

Basi nimefikiri sana juu ya maneno yako. Unasema mtu huweza kuona kwa macho ya akili jambo alilokusudia. Nimejaribu kuikumbuka jioni ile, na kila nikiikumbuka inazidi kufifia. Naona kidole changu juu ya 3. Lakini je, nilibonyeza, au nilikusudia tu? Mchele ulikuwa kwenye beseni, nilikuwa nawaza moto. Labda niligusa nikaondoka. Wewe ni mtu wa vyuma, huna sababu ya kunidanganya, na umesema haijiwashi. Fundi naye amesema. Naona aliyebaki ni mimi.

Kesho ukoo unakutana kwa sala za kumwombea Kaka wa Tatu. Nitapiga magoti mbele ya picha yake na mbele ya Ngà, niseme nilisahau. Nilimuua ndugu yangu kwa kusahau. Nikishasema labda nitaweza kula.

Taa hatujaziwasha tena. Vitumba vyake vimepukutika.

Lài


Hải Phòng, 4 Januari 2000

Dada wa Pili,

Usipige magoti. Najua barua hii itafika umeshapiga. Nilikimbia posta kupiga simu kwa jirani yenu, nikaishika ile simu mkononi, nikashindwa. Ningemwambia nini jirani akakwambie? Nikaiweka chini.

Dada, namba 3 si ya Kaka.

Nimesoma mstari wako, "nikamwekea kidole juu ya namba 3", nikausoma tena. Nilipokuwa nafunga boksi nilihesabu kuanzia nyumbani kwenda mbele. Shamba lako ndilo la kwanza, nikaandika 1. La Kaka ndilo linalofuata, nikaandika 2. La Thắm ndilo la mwisho, nikaandika 3. Kwetu Kaskazini, kule Nam Định nilikozaliwa, mtoto mkubwa ni wa Kwanza, na mkono wangu uliandika kama nilivyohesabu tangu utotoni. Nimekaa na familia yenu miaka, nakuita Dada wa Pili, namwita Kaka wa Tatu, usiku na mchana, na siku ile sikuwaza kabisa kwamba ninyi mtasoma majina yenu pale. Sikuuliza mtu. Sikuandika hata neno moja pembeni ya namba.

Ulizima. Kweli ulizima. Ulizima 3, na 3 ni shamba la Thắm lisilo na taa hata moja. La Kaka lilikuwa kwenye 2, na 2 ilikuwa bado imewashwa, ikingoja amri ya taima. Hukusahau kitu, Dada. Kidole chako kilifanya kile ulichokituma. Fundi naye amesema kweli: swichi uliyomwonyesha haina kasoro, ila haikuwa ya shamba lile.

Na hata ningeandika sawasawa, kila shamba lilihitaji swichi kubwa ya kukata waya wenyewe, mtu aifunge na ufunguo abaki nao mfukoni. Nililijua hilo. Tulikuwa na treni ya kuwahi.

Nimemwambia Thắm yote. Nisingeweza kulificha na hili. Hakulia. Aliniuliza, "Barua yangu nani aliisoma?" Nikamwambia. Tangu hapo amelala ameupa ukuta uso, mama yangu yuko naye, na mkunga amekuja akasema mtoto anacheza vizuri.

Msomee Ngà barua hii. Wasomee wote. Nitakuja mkiniruhusu, na msiponiruhusu pia nitaelewa.

Quyết


Hàm Thuận Nam, 14 Januari 2000

Quyết,

Nimeanza barua hii mara kadhaa nikikuita shemeji, na kila mara nimechana karatasi. Nimeacha jina lako peke yake.

Ulikuwa sahihi, nilishapiga magoti. Ukoo mzima ulikuwa umeketi. Nilisema nilisahau, nikalia mpaka sauti ikaisha. Na Ngà akainuka, Quyết. Akaja akanishika mabega akaniinua. Akasema, "Basi, wifi. Yeye mwenyewe alikuwa msahaulifu, angekucheka." Tukakaa chini tukalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kuanzia siku ile tulikuwa tunapika chungu kimoja. Alihamishia kuku wake kwangu.

Ndipo barua yako ikaja.

Niliisomea posta, nikiwa nimeegemea kaunta. Kwanza nilipata hasira ambayo sijapata kuwa nayo maishani. Haikuwa kwa ajili ya namba; hiyo nilikuwa nimeshaielewa. Hasira ilikuwa ya ile barua yako nyingine. Uliandika "huenda ulikuwa na mambo mengi jikoni". Nilikuamini wewe kuliko kidole changu. Wiki hizi zote nilikuwa nalala kama muuaji kwa sababu mtu wa umeme aliniambia mashine haikosei, na wakati huo huo jibu lilikuwa kwenye mkono wako mwenyewe! Hukuniuliza hata swali moja dogo: "Dada, ulizima ipi?" Ungeniuliza, ningekujibu 3, na tungejua. Namba 1 hatukuwahi kuigusa. Nani wa Kwanza katika nyumba hii? Tulidhani ni ya kuzimia boksi lote. Yangu tuliona ni 2, ya ndugu yangu 3, na ya Thắm tulidhani umeifunga ndani na swichi yake utaiweka akishanunua taa. Hata mtoto mchanga wa kijiji hiki angesoma hivyo.

Kisha hasira ikaondoka, nikafurahi. Nakuambia ukweli kama ulivyo. Nilirudi nyumbani mbiombio kama msichana. Nilizima! Nilitaka kumwambia Ngà kabla ya mtu yeyote. Nilimkuta anachambua mboga mlangoni. Nikamsomea barua yako yote. Nikamwambia, "Umesikia, wifi? Sikusahau. Nilimzimia kama alivyoniomba."

Aliendelea na mboga kidogo, kisha akaacha. Akasema, "Bora ungekuwa umesahau."

Nikadhani sikumsikia vizuri.

Akasema, "Mtu akisahau naweza kumsamehe. Wewe nimeshakusamehe, nimehangaika nalo mpaka nimeliweza. Sasa unaniambia mume wangu ameuawa na rangi nyekundu mlangoni mwa boksi. Namba nitaisamehe vipi, wifi? Nianzie wapi?" Akakusanya mboga zake. Akawarudisha kuku wake kwake, mmoja mmoja kwapani, na mlango akaufunga. Nimegonga kila siku. Ananijibu kutoka ndani kwamba hana neno na mimi, na ni kweli, hana.

Nilipokuwa na hatia tulikuwa tunakula pamoja.

Thắm mwache kwa mama yako mpaka ajifungue, na mwambie namlilia. Lakini wewe njoo. Usingoje ruhusa. Njoo usimame mbele ya mlango ule, useme kwa kinywa chako kwamba ni wewe, siyo rangi, siyo namba, ni mkono wa mtu mwenye jina, na umwache akutukane mpaka achoke.

Njoo upesi, Quyết. Anahitaji mtu wa kumsamehe.

Lài